Makanga Ashuka: Clifford Ogweno na Miaka Ishirini na Miwili ya Kugawa Mpira

Clifford Ogweno ameitumikia timu ya mpira wa kikapu ya Miwa, hapa Awendo, kwa miaka ishirini na miwili, ukihesabu na ile aliyokaa kwa watu. Anastaafu rasmi leo, Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, magoti mawili yasiyoelewana, na meno yote isipokuwa lile lililobaki Oyugis kwenye kiwiko cha mtu.

Kamati iliniomba niandike kwa sababu nimekaa meza ya pointi tangu yeye hajaoa, nikipindua namba za ubao. Waliniambia niandike kwa heshima na nisizidishe. Heshima nitajaribu.

Kwa wageni ambao wamekuja leo kwa ajili ya pilau, na nawaona, nieleze kwanza kazi yake. Katika timu ya watu watano, kuna mmoja anayeleta mpira kutoka nyuma, anaangalia nani yuko wapi, halafu anaamua nani apewe. Anaitwa pointi gadi. Akifanya kazi yake vizuri, wenzake wanafunga na wanabebwa juu. Akiikosea, anatukanwa yeye peke yake, na mama yake akiwepo naye anaguswa kidogo. Clifford ameifanya kazi hiyo maisha yake yote ya uwanjani. Kufunga hakupendi. Mke wake Leonida, ambaye yuko hapa mbele na kitenge cha kijani, amewahi kutuambia kwamba hata nyumbani nyama ikifika kwake anaangalia kushoto na kulia kwanza, atafute wa kumpa. "Huyu mtu anapasi mpaka chapati," alisema. Hakuwa anamsifu.

Alikuja kwetu mwaka wa 2003 akitokea Ndhiwa, mahali ambapo mtu wa Migori anapahesabu kuwa Homa Bay na mtu wa Homa Bay mjini anapahesabu kuwa mbali. Alikuwa makanga pale stegi ya matatu ya Awendo, akiita abiria. Sauti yake ilikuwa inatoka stegi mpaka sokoni, wauza ndizi wakimtukana kwa sababu wateja hawasikii bei. Kocha wetu wa wakati huo alimsikia kabla ya kumwona. Alisema mtu mwenye sauti kama ile, hata kama hajui mpira, atatusaidia kugombana na refa.

Basi ikawa hivyo. Alijifunza mpira kwa miezi michache, lakini mdomo wa stegi hakuuacha. Wengine wanataja mipango yao ya mchezo kwa namba au kwa Kiingereza cha kwenye televisheni. Clifford alitumia vituo vya barabara. Karungu iko ziwani, kwa hiyo akiita "Karungu!" wote mnakimbilia kona ya kushoto, watatu wanajenga ukuta, mmoja anajificha nyuma yao na kutupa. Kegonga iko juu kwenye milima ya Wakuria, kwa hiyo "Kegonga!" ni mpira wa juu kwa mtu mrefu aliye karibu na ringi. Na "Awendo!" ni ile foleni ya malori ya miwa mnayoijua: tembea, simama, tembea, kula saa mpaka adui achoke. Hakuna mchezaji wetu aliyehitaji kufundishwa mara mbili. Hata wale ambao shule iliwashinda, barabara walikuwa wanaijua.

Kuanzia hapo jina la Clifford likabaki la kanisani. Uwanjani akawa Makanga.

Miaka yake mizuri sitaieleza sana, kwa sababu aliyekuwepo anaijua na asiyekuwepo hataamini. Tulichukua kombe la kanda mara mbili. Moja liko ofisini kwa mwenyekiti, linawekewa kalamu. La pili lilipotea njiani tukirudi kutoka Kisii, na dereva wa siku hiyo amealikwa leo lakini sijamwona.

Mwaka wa 2019 uongozi uliangalia umri wake, miaka thelathini na minane, ukaona ni mzee. Wakati huo tulikuwa tumepata vijana wawili wenye kasi na tukaamini kwamba kasi ni akili. Timu ya Ngege ya Homa Bay ikamwomba. Wao walikuwa na shida ya aina nyingine: vijana wote ni wafungaji, kila mmoja anataka kutupa, mpasi hakuna. Mazoezi yao yalikuwa kama watu watano wanaogombea rimoti moja. Tukakubaliana. Sisi tukawapa Makanga, wao wakatupa mipira miwili na nyavu moja.

Nataka wageni walielewe hilo. Mtu aliyetugawia mpira miaka kumi na sita tulimbadilisha kwa mipira. Yeye mwenyewe alilichukua vizuri. Alisema mipira miwili si kidogo, na akauliza kama nyavu ni mpya.

Kule Homa Bay alikaa misimu minne. Aliwafundisha wale vijana Karungu, Kegonga na Awendo, na walimpenda kwa sababu kila mmoja alipewa mpira katika zamu yake. Yeye naye, zaidi ya wote, alimpenda kijana anayeitwa Sammy, mwembamba, mkono wa kushoto, ambaye kazi yake ilikuwa kujificha nyuma ya ukuta wa Karungu na kutupa. Sammy alikuwa anainua mkono tu pale kona, na mpira unamkuta. Walifunga sana, wale wawili. Walitufunga hata sisi, na mimi ndiye niliyepindua namba.

Mwaka wa 2023 tulimhitaji tena. Tulikuwa tumempata Gisiri kutoka Kegonga, mtu mrefu kama mlingoti wa simu, mpole, mikono mikubwa, na hakuna wa kumlisha. Wale vijana wetu wa kasi walikuwa wanampita Gisiri mbio kama kituo ambacho hakina abiria. Mwenyekiti akaenda Homa Bay kumwomba Makanga, amejiandaa kurudisha ile mipira, hata ile nyavu. Ngege wakasema, chukueni tu. Hawakudai kitu.

Lilimuuma. Kubadilishwa kwa mipira alivumilia. Kurudishwa bure, siku ile hakula chakula cha mchana, na Leonida ni shahidi.

Lakini aliporudi, yeye na Gisiri walielewana kama chai na sukari, na timu ikaanza kupumua. Gisiri mwenyewe, ambaye huongea maneno sita kwa wiki, aliniambia hivi: "Yule mzee, nikifika tu, mpira umefika." Sijawahi kumsikia tena akiongea kwa urefu huo.

Mwaka huu tukapata kocha mpya, Madam Beverlyne wa Rongo. Ni kijana, amesoma mchezo darasani, na ana filimbi mbili shingoni, sijui ya pili ni ya nani. Wiki ya kwanza tu alimtazama Clifford akikimbia, akauliza kama ameumia. Tukamwambia hapana, hiyo ndiyo mbio yake. Akamweka benchi, na nafasi yake akampa Frankline, mwenye miaka ishirini na moja na mapafu ya punda.

Nitakuwa mkweli ingawa Clifford ni rafiki yangu. Madam hakukosea. Mtu ambaye Clifford alipaswa kumkaba alikuwa akimpita kama anapita mti. Tena kulikuwa na jambo lingine, na Madam alilisema wazi mbele ya timu nzima: majina ya Makanga yanajulikana ziwa zima. Ngege walifundishwa na yeye mwenyewe. Ukiita Karungu mbele ya watu wa Homa Bay, umewaambia unaenda wapi. Kwa hiyo akaweka vidole. Kidole kimoja, viwili, vitatu, kimyakimya. Frankline akajifunza kwa siku mbili na timu ikakimbia vizuri.

Clifford hakugombana. Alikuja mazoezini kila Jumanne na Alhamisi, akafunga kamba za viatu kila mechi, akakaa. Mechi ikiisha anazifungua. Msimu mzima. Wachezaji wakimpita wanamgusa kichwa na kumwita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong', uko sawa?" naye anajibu yuko sawa, anapumzika. Mnamo Oktoba aliamua kustaafu, na akamwendea kocha na ombi moja tu.

"Madam," akasema, "naomba siku ya mwisho nistaafu nikiwa nimesimama. Hata dakika moja. Nisitoke kwa hii kazi nikiwa nimekaa."

Madam Beverlyne akamwambia, "Mzee, tutaona."

Sisi tuliolelewa huku tunajua maana ya tutaona. Mtoto akiomba viatu vya Krismasi huambiwa tutaona. Clifford alirudi kwenye benchi akakaa na sura ya mtu aliyejibiwa.

Halafu ikaja mechi ya mwisho ya msimu, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kule Homa Bay, dhidi ya hao hao Ngege. Mambo yalikuwa rahisi kuelewa na mabaya kuyafikiria: Ngege walikuwa salama, sisi tulikuwa mkiani. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tukishindwa tunashuka, tukacheze na timu ambazo uwanja wao una kuku.

Tulienda na lori la miwa lililooshwa nusu. Uwanja ulijaa. Watu wa Homa Bay wana mdomo, nawaheshimu kwa hilo. Walipomwona Clifford akishuka nyuma ya lori kwa awamu, mguu huu kwanza, halafu mazungumzo, halafu mguu mwingine, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Makanga! Kwani mmeleta mizigo?" Naye akamjibu, "Nimeleta shemeji yako, mama, mpokee." Kisha akaenda kukaa benchi, akafunga kamba.

Frankline alicheza vizuri sana siku hiyo, hilo liandikwe. Lakini alikuwa na moto mwingi, na refa alikuwa na filimbi nyepesi. Zikiwa zimebaki dakika tatu, akapigiwa faulo ya tano, na kwenye mchezo huu ukifikisha tano unatoka. Mgawaji wetu mwingine alikuwa amekwenda Nairobi kwa harusi ya dada yake. Madam aliangalia benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaangalia mbingu. Aliporudisha macho, Clifford alikuwa ameshavua suruali ya juu.

Madam akamshika bega, akamwinamia sikioni, lakini kwa vile Clifford siku hizi husikia kwa kuchagua, sisi wote wa mezani tulisikia. "Mzee, vidole tu. Usiite. Hawa wanakujua. Umenisikia? Vidole."

"Nimesikia, Madam. Vidole."

Akaingia, na uwanja wote ukapiga kelele, nusu ya mapenzi na nusu ya kejeli. Dakika mbili za kwanza alifanya kama alivyoagizwa. Akainua vidole viwili, Gisiri akapata, akafunga. Akainua kidole kimoja, hatukufunga lakini hatukuaibika. Upande wa pili kijana waliyempa amkabe alimpita kama alivyohofia Madam, tena bila kuharakisha. Tukawa nyuma kwa pointi moja. Saa ilikuwa imebakiza kama pumzi kumi hivi, na mpira ulikuwa wetu. Kwa maana hiyo ulikuwa mkononi mwa Clifford.

Alivuka katikati akidunda. Alikuwa anahema mpaka mimi nikashika kifua changu. Vijana wawili wa Ngege wakamjia. Mkono mmoja ulikuwa na mpira, wa pili unawazuia, na wa tatu wa kuonyesha vidole hakuupata. Basi mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"KARUNGUUU!"

Wanne wetu wakatoka mbio kwenda kona ya kushoto, kama walivyofundishwa. Hilo sawa. Ila na wale watano wa Ngege nao wakatoka mbio kwenda kona ya kushoto, kama walivyofundishwa. Misimu minne ya Makanga ilikuwa bado imo miguuni mwao. Hata wale wawili waliokuwa wanamkaba waligeuka, wakamwacha na mpira wake, wakaenda. Mmoja wao akajipanga kwenye ukuta pamoja na Gisiri, bega kwa bega, wakiwa timu tofauti. Na nyuma ya ukuta, mahali pake pale pale, Sammy akainua mkono wa kushoto.

"Leta, omera! Leta, ndugu yangu!"

Wengine wanasema Makanga aliupanga ule mchezo, kwamba ni akili za wazee. Msiwasikilize. Alisahau. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake na niliona uso wa mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshachelewa. Tena kuna jambo baya zaidi ambalo sikutaka kulisema mbele ya mwenyekiti, lakini leo ni siku ya kuagana. Aliuona mkono wa Sammy, na akainua mpira ampe. Niliona kwa macho yangu. Mabega yalikuwa yameshageuka. Miaka yote ile mkono ukiinuka pale, mpira unaenda, na mkono ulikuwa umeinuka.

Madam Beverlyne akapiga kelele ambayo haiko kwenye kozi yoyote.

Clifford akashtuka, akaushika mpira tena kifuani. Akaangalia kulia, hakuna mtu. Akaangalia kati, hakuna mtu. Akamwangalia refa, na refa akarudi nyuma hatua moja, akificha mikono. Watu tisa walikuwa wamebanana kona moja, na mbele ya Clifford kulikuwa na uwanja mtupu, na ringi, na hakuna wa kumpa.

"Tupa, baba!" Leonida, aliyekuja nasi kwenye lori, alisimama juu ya kiti. "Tupa, hata mara moja!"

Hakutupa. Alitembea. Alidunda mpira akaenda nao hadi chini ya ringi kama mtu anayerudisha sufuria kwa jirani, akaruka ule mruko wake ambao karatasi inaweza kupita chini yake na kukwama, akauweka kwenye ubao. Mpira ukazunguka ringi, ukazunguka tena, ukachungulia nje, halafu ukaingia. Nikapiga kengele. Saa ilikuwa imeisha.

Hakuna aliyeshangilia mara moja kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Watu wa Homa Bay walicheka mpaka wakaangukiana. Yule mama wa mizigo alikuwa amekaa chini, amejishika mbavu. Sisi tulibaki kwenye ligi, na ilituchukua muda kulikumbuka hilo.

Aliyekuwa hacheki ni Sammy. Alitoka kona mkono bado haujashuka vizuri, akaja mpaka kwa Clifford, amekunja uso, amekasirika kabisa.

"Mzee, mbona hukunipa? Nilikuwa wazi!"

Clifford akamshika shingo yule kijana, na wakasimama hivyo muda mrefu. Alisimama, kama alivyoomba. Sijui alimwambia nini. Ilikuwa Kijaluo na ilikuwa chini, kwa sauti ambayo hatukuwahi kujua kwamba anayo.

Tangu siku ile watu wananiuliza thamani ya Makanga ilikuwa nini hasa. Kufunga hakupenda, kukaba hakukaba, na tulimtoa kwa mipira miwili tukarudishiwa bila kulipa. Mimi hesabu iliniacha darasa la sita. Najua tu kwamba aliita mara moja, na watu wa pande zote mbili wakaenda. Wachezaji wazuri nimewaona wengi. Mpinzani anayelalamika kwamba hukumpasia, nimemwona huyo mmoja.

Jumanne iliyofuata Madam aliwaita mazoezini, na Clifford alikuja kurudisha jezi. Alikaa benchi kuikunja. Frankline alikuwa amebuni mpango mpya, na kocha akaupitisha, tena akakubali uitwe kwa mdomo badala ya vidole: watu wote wanakimbilia kona moja kwa kelele, mgawaji anabaki peke yake na ringi. Wameuita Ndhiwa, alikotoka Makanga. Frankline akavuka katikati, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo bado inahitaji kazi, "Ndhiwaaa!" Wanne wakatoka mbio kwenda kona. Na pale benchi, jezi ikaanguka chini, kwa sababu Clifford naye alikuwa ameshasimama na amepiga hatua mbili.

Madam alimwona. Akapuliza filimbi, moja kati ya zile mbili, na kumwambia aendelee kusimama hapo hapo, amsahihishe Frankline, na kwamba wiki ijayo aje mapema. Ni kazi isiyo na jezi. Ila inaruhusu kupiga kelele.

Kwa niaba ya timu, kamati, Gisiri ambaye hatasema kitu, na Ngege wa Homa Bay walioleta leo samaki bila kualikwa, tunakushukuru, Makanga. Nyavu ile ilikuwa mpya. Niliikagua mwenyewe. Hatukukudharau kiasi ulichofikiri.

Mazoezi yakiisha, nenda nyumbani ukakae na Leonida, na nyama ikikufikia, uile. Tunakutakia magoti yatulie, na uzee wenye mtu wa kumpa kila ukigeuka. Na ukiwa umelala Jumamosi mchana ukasikia kutoka uwanjani mtu anaita Ndhiwa, usiamke, ndugu yangu. Tumeshafika.